Chini ya minyaa kuna nyumba

Kila dereva wa lori anayekwenda Kigali au Bujumbura anaijua njia panda ya Tinde. Barabara inayopanda kutoka Nzega inagawanyika hapo: mkono wa kulia unakwenda Didia, Shinyanga mjini na Mwanza, wa kushoto unashika Isaka na Kahama kuelekea mpakani. Abiria hushuka, hunyoosha miguu, hununua maji na karanga, kisha safari inaendelea. Macho yao hayafiki mashambani, na hakuna wa kuwalaumu. Kwa mbali ni nyika tu, mawe ya matale, majaruba ya mpunga na ng'ombe.

Anayetazama kwa makini ataona minyaa. Imesimama kwa mstari, wakati mwingine kwa mduara uliovunjika upande mmoja, na katikati yake hamna kitu. Minyaa haijioteshi kwa mstari. Kuna mtu aliyeikata vipande, akavichomeka ardhini kimoja kimoja kuzunguka kaya yake, ili ng'ombe wasitoke na fisi asiingie. Mtu huyo hayupo, nyumba haipo, zizi halipo. Ua umebaki unalinda uwanja mtupu. Wasukuma hupaita mahali kama hapo itongo, na yakiwa mengi, matongo. Nayo ni mengi mno.

Huu ni ukanda unaoishi kwa kuchimba. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliikuta almasi ya Mwadui mwaka 1940, na dhahabu ya Geita ilishajulikana tangu enzi za Wajerumani. Mgodi wa Buzwagi, pale jirani na Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukafungwa baada ya muda usiofika miaka 15. Kati ya migodi hiyo mikubwa kuna maduara ya wachimbaji wadogo yasiyo na idadi, yamefungwa matimba, na vijana wanaoshuka humo wanaweza kukuambia kwa kugusa tu kwamba udongo huu ni wa juu, huu ni wa kati, na mwamba hauko mbali. Ujuzi wa kusoma tabaka za ardhi tunao. Ni mara chache sana umetumika kuisoma sakafu ya jiko la bibi yetu. Naona ni hasara, na inaongezeka kila tingatinga linaposhushwa kutoka kwenye lori.

Nyumba ya mawe ikianguka huacha gofu. Watalii hulipiga picha, serikali huliwekea kibao, watoto wa shule hupelekwa kuliona. Nyumba ya udongo haina bahati hiyo. Paa likishaondoka, mvua za msimu wa kwanza hulainisha vichwa vya kuta na za msimu wa pili huzilaza. Mchwa hushughulikia fito na nguzo. Baada ya miaka kadhaa kinachobaki ni mwinuko mpana ambao ng'ombe huupanda bila kuinua miguu, na mgeni ataapa kwamba ni kichuguu cha zamani.

Mwanaakiolojia hauchukulii mwinuko huo kama takataka. Ule udongo uliolala ndio ukuta wenyewe, na kwa kulala kwake umeifunika sakafu. Kazi yake ni kuuondoa kidogo kidogo, kwa mwiko wa fundi na brashi, akiandika kila tabaka kabla ya kuigusa inayofuata, na kila ndoo ya udongo ikipita kwenye chekecheke. Akifika sakafuni anaanza kutafuta mambo ambayo mwenye nyumba hakuwahi kufikiri kwamba ameyaacha.

La kwanza ni mashimo ya nguzo. Nguzo ikioza au ikiliwa, nafasi yake hujaa udongo mwingine, mara nyingi mweusi zaidi na mlaini. Ukikwangua uwanja vizuri, madoa hayo hujitokeza yakiwa yamejipanga, na kwa msonge wa Kisukuma yatajipanga kwa mduara: mmoja wa nje wa ukuta, na pengine mwingine wa ndani. Hapo umepata ukubwa wa nyumba na mahali pa mlango, na ukikuta mashimo mapya yamechimbwa kando ya yale ya zamani, umejua kwamba ilikarabatiwa.

La pili ni jikoni. Mafiga yanaweza kuwa yamechukuliwa, lakini moto wa miaka mingi huugeuza udongo ulio chini yake kuwa mwekundu na mgumu, na wekundu huo hauoshwi na mvua. Majivu huacha kemikali zake. Mabaki ya chakula, damu na samadi huongeza fosforasi, na fosforasi ikishashikamana na udongo haiondoki kwa urahisi. Ndiyo maana zizi la zamani linaweza kutambuliwa hata na asiye mtaalamu: nyasi zake huwa na rangi ya peke yake. Tena kuna chembechembe za silika zinazotengenezwa ndani ya majani na mabua ya mimea, ambazo wataalamu huziita fitolithi. Mmea ukioza, chembe hizo hubaki, na umbo la kila moja hueleza ilitoka kwenye mmea wa aina gani. Kwa darubini unaweza kuambiwa kwamba kona hii palitandikwa nyasi za kulalia na kona ile palipepetwa mtama.

Nje ya nyumba mambo hayapungui. Mawe ya kusagia ni mazito, kwa hiyo wanaohama kwa haraka huyaacha. Vihenge hukaa juu ya mawe yaliyopangwa, na kihenge kikioza mawe hubaki na mpangilio wake. Na uwanjani, karibu na zizi, kutakuwa na duara jingine la udongo ulioungua lisilo la jikoni, maana lipo mbali na nyumba. Msukuma hahitaji maabara kulitambua. Hilo ni shikome, moto wa jioni ambapo wazee waliota na vijana wakasikiliza. Simulizi zilizosemwa hapo hazichimbiki. Mahali zilipotokea panachimbika.

Halafu kuna jambo ambalo, nilipolielewa, lilinifanya niitazame historia ya hapa kwa jicho jingine. Udongo usiochomwa huyeyuka, uliochomwa huwa kigae. Nyumba iliyoachwa kwa amani hupotea taratibu. Nyumba iliyotiwa moto huhifadhi kuta zake vipande vipande, na katika vipande hivyo hubaki alama za fito, za kamba zilizofungia fito, hata za vidole vya aliyekandika. Anayechoma nyumba ya mtu ili asirudi, bila kujua, anaioka ili ikae.

Uchimbaji wa namna hii si jambo la kufikirika. Umefanyika katika nchi hii, japo mbali na hapa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, katika mkoa wa Lindi, ziliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwingereza Neville Chittick alipofanya kazi Kilwa miaka ya 1950 na 1960, macho yalikuwa kwenye majumba ya watawala, hasa Husuni Kubwa, kasri lililojengwa juu ya gema mwanzoni mwa karne ya 14 na sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba karibu mia moja na bwawa la kuogea la pembe nane. Kazi ile ilikuwa kubwa na bado tunaitegemea. Lakini ukiisoma unapata mji wa sultani zaidi kuliko mji wa watu.

Songo Mnara, kisiwa cha jirani, kilipata maswali mengine. Mji huo uliishi kwa muda mfupi, tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa ya 16, kisha ukahamwa. Stephanie Wynne-Jones wa Chuo Kikuu cha York na Jeffrey Fleisher wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walianza kuchimba huko mwaka 2009 wakishirikiana na wataalamu wa Tanzania. Badala ya kutafuta kaburi la mkubwa, walichukua sampuli za udongo wa sakafu chumba kwa chumba na kuuliza: hapa walipika, hapa walilala, hapa walipokea mgeni? Walikuta sarafu za shaba za Kilwa, zile zenye jina la sultani upande mmoja na dua upande wa pili, maandishi ya pande mbili yakienda kwa vina. Zaidi ya 300 zilikuwa zimefukiwa pamoja.

Mimi sarafu hazikunishangaza sana. Kilichonishangaza ni uwanja. Songo Mnara ina nyumba kubwa za mawe ya matumbawe zinazoonekana mpaka leo, na kati yake palionekana kuwa wazi. Watafiti walipitisha juu ya nyasi vifaa vinavyopima mabadiliko madogo ya usumaku wa ardhi, na vifaa vikaonyesha kwamba sehemu ya uwanja huo haikuwa tupu. Kulikuwa na nyumba za fito na udongo ambazo hakuna ramani iliyowahi kuzionyesha. Walipochimba walizikuta. Kwa hiyo hata katika mji unaosifiwa duniani kote kwa mawe yake, kulikuwa na jirani wa nyumba ya udongo, na alikaa karibu miaka 500 chini ya nyasi bila kuhesabiwa.

Pemba kuna kisa kinachofanana. Tumbe, kaskazini mwa kisiwa, ilikuwa kijiji kikubwa kati ya karne ya 7 na ya 10, chote cha udongo na makuti. Fleisher na mwenzake Adria LaViolette walichimba nyumba huko na kukuta vigae vyenye mifereji iliyotumiwa kusugulia shanga za kombe, kwa maelfu. Hakuna ukuta hata mmoja uliosimama, na bado tunajua kwamba watu wa Tumbe walikuwa watengenezaji wa shanga waliofanya biashara na dunia pana.

Msomaji wa Tinde anaweza kusema kwamba hayo ni ya pwani. Haya, tuje Kanda ya Ziwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Peter Schmidt alifika Buhaya akitaka kulinganisha simulizi za wazee na ushahidi wa ardhini. Katuruka, karibu na Bukoba, wazee walimwonyesha mahali palipokuwa na makazi ya mfalme Rugomora Mahe, aliyetawala katika karne ya 17. Walimsimulia jinsi mfalme huyo alivyokusanya wafua chuma ili wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na wakamwonyesha, kwa kunyoosha kidole, penye mti ambapo chuma kilifuliwa. Alichimba palepale mwaka 1970. Chini ya mti kulikuwa na mabaki ya kazi ya chuma, ya kale kuliko mfalme mwenyewe: vipimo vya mkaa vilirudi nyuma zaidi ya miaka 2,000. Wataalamu wengine wamebishana naye kuhusu tarehe, na ubishi huo ni sehemu ya kazi. Wazee walijua mahali. Walikosea mwenye mali tu, wakampa mfalme kazi ya watu waliomtangulia kwa karne nyingi, na hata hilo ni kawaida ya wafalme popote.

Miongo kadhaa baadaye wanakijiji wa Katuruka wenyewe waliunda kamati, wakaufufua urithi wao na kujenga upya nyumba ya jadi. Hawakuhitaji matumbawe.

Kwetu hapa mali ya ardhini ni ya karibu zaidi, na inauma zaidi. Matongo ya Shinyanga hayakuachwa kwa sababu moja. Kuna kaya zilizohama kwa desturi, ardhi ikichoka au mzee akifariki. Kuna zilizokimbia ndorobo na malale katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, wakati serikali ya kikoloni ilipoweka makao ya utafiti wa mbung'o Shinyanga ya zamani chini ya C. F. M. Swynnerton na kuhamasisha maelfu ya watu kufyeka mapori pamoja na watemi wao. Na kuna za mwaka 1974. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na mwaka uliofuata Operesheni Vijiji ilipita hapa kwa kasi. Wako waliohama kwa hiari na wako waliohamishwa. Ziko nyumba zilizoezuliwa na ziko zilizochomwa. Baadaye, kamba ilipolegea, familia nyingi za Usukuma zilirudi kwenye maeneo yao ya zamani au karibu nayo. Nyingine hazikurudi, na minyaa yao ndiyo hii.

Sisemi haya ili kufungua kesi. Operesheni ile ilileta shule, zahanati na visima, na ilivunja nyumba. Yote mawili ni kweli, lakini lile la kwanza limeandikwa katika taarifa za serikali na hili la pili liko katika vichwa vya watu wanaozeeka, na katika udongo. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1974 ameshapita sitini.

Afrika Kusini walikabili jambo la namna hii katikati ya jiji. Tarehe 11 Februari 1966 mtaa wa District Six, Cape Town, ulitangazwa kuwa wa watu weupe peke yao. Zaidi ya watu 60,000 waliondolewa na nyumba zao zikasawazishwa kwa tingatinga. Zilizosalia ni nyumba za ibada chache na majengo machache. Sehemu kubwa ya ardhi ilibaki wazi, maana hata waliotakiwa kuja waliona haya kujenga pale. Ubaguzi ulipoanguka, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Cape Town walichimba mtaa wa Horstley, ambao ulikuwa umefutwa kwenye ramani, wakafikia misingi na sakafu. Waliokuwa wakazi walikuja kusimama juu ya sakafu zao wenyewe. Makumbusho ya District Six, yaliyofunguliwa Desemba 1994 ndani ya kanisa la zamani la Methodist, yana ramani kubwa ya mtaa sakafuni, na watu wameandika juu yake majina yao pale walipoishi. Ushahidi wa mwiko na ushahidi wa mdomo vilikutana pale, na havikupingana.

Na Marekani, mwaka 2007, jiji la Philadelphia liliifukua nyumba aliyoishi George Washington akiwa rais, iliyobomolewa mwaka 1832. Wengi walitarajia fahari ya rais. Waliipata, msingi wa dirisha lake kubwa lenye umbo la upinde, ila hatua chache pembeni yake palitokea msingi wa jikoni na njia ya chini kwa chini ambayo watumishi, wakiwamo watumwa, walipitia ili wageni wasiwaone. Mpishi wa nyumba hiyo, Hercules, alikuwa mtumwa na alitoroka mwaka 1797. Ona Judge, mtumishi wa mke wa rais, alikuwa ametangulia kutoroka mwaka 1796 na hakukamatwa maisha yake yote. Umati ulisimama kwenye jukwaa ukiangalia shimo. Ningeweza kusema kwamba jikoni hushinda sebule kila mahali, lakini Songo Mnara imekwisha kulisema hilo.

Sasa, nani ataichimba Tinde? Sheria haisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo lazima yatangazwe na waziri. Fikiria maana yake kwa nyumba za udongo. Gofu la matumbawe hupita 1863 bila shida. Msonge wa fito, hata ukikandikwa upya kila mwaka, haufiki. Kwa mpaka huo, karibu kila kitu walichojenga Wasukuma na kikaonekana kwa macho kiko nje ya mlango. Walioiandika sheria hawakuwa na nia mbaya. Waliangalia pwani.

Inapotokea kwamba nyumba ya udongo imelindwa, mara nyingi ni kwa sababu ya mgeni aliyelala humo. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuna tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872, kwanza na Stanley, kisha peke yake akisubiri wapagazi hadi Agosti alipoondoka kwa safari yake ya mwisho. Tembe hilo lilishaharibika na likajengwa upya. Nalisifu, na kila mtu wa Tabora na alione. Lakini wapagazi waliokuja kumchukua, na wale Wanyamwezi na Wasukuma waliobeba pembe hadi Bagamoyo na kurudi na nguo na shanga, nao walikuwa na nyumba. Shanga walizorudi nazo ndizo hizi ambazo watoto huzikuta matongoni baada ya mvua kubwa na kuzitia kwenye uzi.

Hata historia ya kisomi ya Tinde yenyewe haijulikani na wengi wa wakazi wake. Mwaka 1934 maabara ya hapa, chini ya daktari Corson, ilianza jaribio ambalo vitabu vya tiba bado vinalitaja kwa jina la mji huu. Vimelea vya malale vilihamishwa kwa kuumwa na mbung'o kutoka kondoo hadi kondoo na kutoka swala hadi swala, mwaka baada ya mwaka, na kila baada ya muda vilijaribiwa kwa binadamu ili kujua kama vimepoteza nguvu ya kumwambukiza. Baada ya miaka 18 vilikuwa bado na nguvu, na matokeo yalichapishwa mwaka 1955. Ni moja ya sababu zinazomfanya daktari yeyote wa malale ajue kwamba mnyama wa porini anaweza kuwa ghala la ugonjwa wa mtu. Ripoti zinawaita walioumwa na mbung'o hao watu waliojitolea. Mwafrika wa miaka ya 1930, mbele ya daktari wa serikali, alikuwa na uhuru kiasi gani wa kukataa? Mwanaakiolojia angepata vipande vya vioo vya darubini, chupa na mifupa ya kondoo. Pengine angepata pia mahali walipolala waliojitolea, na ukubwa wa chumba chao.

Gharama si kisingizio kikubwa kama inavyodhaniwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha akiolojia tangu miaka ya 1980, na wahitimu wake wapo, wengine wakisubiri ajira. Miradi mikubwa inayopita ukanda huu, kama bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga, ambalo kilomita 1,147 kati ya 1,443 ziko Tanzania, inalazimika kwa sheria ya mazingira kuangalia mambo ya kale kabla ya kuchimba mtaro. Tatizo ni kinachohesabiwa kuwa cha kale. Mavi ya chuma ya Warongo, wafua chuma wa Geita, yataandikwa, kwa kuwa kila mtaalamu anayajua. Mwinuko wenye minyaa unaweza kuandikwa kuwa pori.

Mwenye haraka zaidi kuliko bomba ni plau. Ng'ombe wawili na plau hufika chini kiasi cha shubiri moja, na sakafu nyingi za matongo hazijazikwa zaidi ya hapo. Shamba likilimwa misimu michache, mashimo ya nguzo bado yanaweza kuonekana chini zaidi, lakini jikoni na mahali pa kulala vimekwisha kuchanganywa. Matongo yaliyomo ndani ya ngitili, yale maeneo ya malisho yaliyofungwa na ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) uliyafufua kuanzia mwaka 1986, yana nafuu, kwa sababu hayalimwi. Ningeanza hapo. Ningeanza na matongo ambayo wenyewe wako hai, ili mtu aseme mlango ulitazama wapi kabla mwiko haujaenda kuuliza swali hilohilo. Na ningewaajiri vijana wa maduara, mradi wakubali kwamba safari hii udongo unaotupwa kando ndio unaohesabiwa.

Wakati mzuri ni kuanzia Juni, baada ya mavuno, hadi mvua za kwanza zikaribie. Kibali cha kuchimba hutoka Idara ya Mambo ya Kale. Kwa familia hakitoshi. Kaya ya Kisukuma haikuwa na makaburi ya mbali. Wakubwa wake wamelala palepale, wengine zizini au pembeni mwake, na watu bado huenda matongoni kuwakumbuka kwa pombe na maombi. Itongo si uwanja usio na mwenyewe. Kabla ya kamba kufungwa na miraba kupimwa, ukoo utatakiwa kukaa, mkubwa wake atembee ndani ya minyaa na kuonyesha ni wapi pasiguswe kabisa, na ikiwa atasema pasiguswe pote, mtafiti afunge vifaa vyake aende itongo la jirani.